Faida Iko, Mgao Hauko

Elburgon ni mji wa mbao. Ukitoka Njoro kuelekea Molo utaunusa kabla hujauona: vumbi la msumeno, moshi wa kuni mbichi, na baridi inayokuingia hadi kwenye soksi. Watu wa hapa wanajua bei ya mbao, bei ya gunia la viazi, na gari gani la Nakuru linajaa haraka. Bei ya hisa si kitu utakachosikia stejini, na sijawahi kuona ofisi ya broka katika mji huu. Lakini hisa zipo. Ziko kwenye bahasha za kaki chini ya magodoro, pamoja na hati za shamba na vyeti vya ubatizo.

Nyingi ziliingia kati ya 2006 na 2008. Mwaka wa 2006 serikali iliuza sehemu ya KenGen kwa shilingi 11.90 kila hisa. Mwaka huohuo Eveready East Africa, wenye kiwanda cha betri pale Nakuru, waliingia sokoni kwa shilingi 9.50. Halafu 2008 ikaja Safaricom, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, na nchi nzima ikapiga foleni. Kuna waliokopa benki ili wanunue. Jirani yetu aliuza fahali.

Mama yangu alinunua katika msimu huo, hisa 2,400 za kampuni ambayo sitaitaja. Hakuuza fahali wala kukopa. Alikuwa na kibanda cha chakula karibu na kiwanda kimoja cha kupasua mbao, na wapasuaji mbao wanakula kama watu wanaopasua mbao: githeri sahani mbili, chapati tatu, chai ya kikombe kikubwa. Kibanda kilimpa akiba, na akiba ikawa hisa. Miaka ya kwanza mgao ulikuja. Haukuwa pesa nyingi, lakini ulikuja, na mama aliutumia kununua sare za shule kila Januari. Kisha ukakatika.

Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma. Ilisemwa ni kwa miezi mitatu, ikawa miaka. Nisieleweke vibaya: Mau imekatwa vya kutosha, na mito inayotoka huko inanyweshea watu wengi kuliko sisi. Lakini misumeno iliponyamaza Elburgon, wateja wa mama walipanda magari wakaenda kutafuta vibarua kwingine. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza akiwa hapa jirani, Molo, kwamba marufuku imeondolewa. Kufikia wakati huo kibanda cha mama kilikuwa kimebaki meza moja, na mdogo wangu alikuwa sekondari, akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo mara kwa mara hadi akawa anajua kondakta wote kwa majina.

Hapo ndipo mama alipokumbuka ile bahasha. Na mimi ndiye niliyesomea biashara.

"Mami," aliniambia, kwa sababu nimepewa jina la mama yake na katika nyumba yetu mimi ni mami tangu nizaliwe, "redio imesema hii kampuni imepata faida. Mwaka jana pia ilipata. Pesa yangu iko wapi?"

Swali zuri. Nilichukua siku kadhaa kulijibu, na nitakueleza kama nilivyomweleza, kwa sababu najua hata wewe unayesoma hii kwa simu ndani ya matatu una hisa mbili tatu ulizonunua kwa programu fulani, na siku moja utauliza vivyo hivyo.

Kitu cha kwanza: mgao si mshahara wala riba. Ukiweka pesa benki kwenye akaunti ya muda maalum, benki inakudaiwa riba, ipende isipende. Ukinunua hisa, hakuna anayedaiwa chochote. Wakurugenzi hukaa, huangalia vitabu, kisha hupendekeza: mwaka huu tutoe kiasi hiki, au tusitoe. Wenyehisa hupiga kura kwenye mkutano mkuu wa mwaka, lakini kwa kawaida hawawezi kuongeza kile bodi ilichopendekeza. Wanaweza kukubali au kukataa. Bodi ikisema sufuri, ni sufuri.

Kitu cha pili: mwenyehisa wa kawaida ndiye wa mwisho kwenye foleni ya chakula. Wafanyakazi wanapakuliwa kwanza, halafu wanaouzia kampuni bidhaa, halafu benki na riba yake, halafu KRA. Wewe unashika sahani ukisubiri kuona kama kuna kilichobaki chini ya sufuria.

"Hiyo naelewa," mama alisema. "Hata mimi nilikuwa nakula wa mwisho kibandani. Lakini wamesema kimebaki. Faida si ndiyo kile kilichobaki?"

Hapa ndipo mambo yanapoanza kuwa matamu, kwa sababu kampuni hukosa kutoa mgao kwa sababu zaidi ya moja, na sababu hizo hazifanani hata kidogo.

Kuna kampuni ambayo haitoi kwa sababu iko shimoni. Chukua Kenya Airways. Mwaka ulioishia Machi 2015 ilipata hasara ya shilingi bilioni 25.7. Hasara ziliendelea mwaka baada ya mwaka, na kuanzia Julai 2020 hadi Januari 2025 hisa zake hazikuwa zikiuzwa sokoni kabisa. Halafu matokeo ya 2024 yakatoka: faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 10. Watu wakafurahi mitandaoni, wengine wakauliza mgao lini. Hesabu haiendi hivyo. Sheria ya Kampuni ya 2015 inasema mgao hutoka kwenye faida iliyokusanyika baada ya kuondoa hasara iliyokusanyika. Ukichimba shimo la futi 100 kisha ukarudisha udongo wa futi 4, bado umesimama ndani ya shimo. Sheria hiyo haikuwekwa kwa ubaya. Inamlinda anayeidai kampuni, ili wenyewe wasigawane viti na meza halafu wamwambie mwenye deni kwamba nyumba ni tupu.

Kampuni inaweza kutoka shimoni, lakini inachukua muda. Kenya Power ilikaa miaka saba bila kutoa mgao. Mwaka ulioishia Juni 2024 ikatangaza faida ya zaidi ya shilingi bilioni 30, na kuimarika kwa shilingi dhidi ya dola kulichangia sana, kwa sababu mikopo yake mingi ni ya pesa za kigeni. Wenyehisa walipata senti 70 kwa kila hisa. Kama ulikuwa na hisa 1,000, hiyo ni shilingi 700, na kodi ya asilimia 5 inakatwa hata kabla hujaiona. Miaka saba ya kusubiri, unapata pesa ya kuku mmoja.

Kuna kampuni nyingine ambayo haitoi kwa sababu inapanda. Huku kwetu mfano uko chini ya miguu yetu, katika kaunti hii hii ya Nakuru: Olkaria, karibu na Naivasha, ambako KenGen huchimba mvuke wa kuzalisha umeme. Kisima cha mvuke hakichimbwi kwa jembe. Unaweka mabilioni ardhini miaka kadhaa kabla ya kuuza umeme wa shilingi moja. Ndiyo maana imepita miaka ambayo KenGen ilitangaza faida bila mgao, na mwaka wa 2016 hata iliwarudia wenyehisa kuwaomba pesa zaidi, ikiwauzia hisa mpya kwa shilingi 6.55. Yaani badala ya kukupakulia, anakuuliza kama una unga. Miaka ya baadaye mgao ulirudi. Centum nao walikaa miaka kadhaa bila mgao wakisema wazi kwamba wanawekeza, kisha 2016 wakatoa shilingi moja kwa hisa.

Marekani hii ni desturi kubwa zaidi. Amazon iliingia sokoni mwaka wa 1997 na haijawahi kutoa mgao. Apple haikutoa tangu 1995 hadi 2012. Berkshire Hathaway ya Warren Buffett ilitoa mara moja tu chini yake, mwaka wa 1967, senti 10 za dola. Mantiki yao ni rahisi: shilingi hii nikikupa wewe, utaiweka wapi ikue kuliko nikiiweka hapa ndani? Kama kampuni ina kazi nzuri ya kuifanyia pesa, kukugawia ni kukata mti wa miaka mitano uuze kama fito, badala ya kungoja uwe mbao.

Na kuna inayokataa kwa hofu. Mwaka wa 2020 Equity ilikuwa imependekeza mgao wa shilingi 2.50 kwa hisa, jumla ya zaidi ya shilingi bilioni 9. Mwezi wa Mei, korona ikiwa imefunga nchi, bodi ikaondoa pendekezo hilo. Pesa zilikuwepo. Lakini hakuna aliyejua wakopaji wangapi watashindwa kulipa, na benki isiyo na akiba wakati kama huo ni nyumba ya mabua karibu na jiko. Mgao ulirudi kwa matokeo ya 2021, shilingi 3 kwa hisa.

Mama alisikiliza yote haya akichambua maharagwe. Alipomaliza akaniuliza, "Sasa yangu ni ipi kati ya hizo? Iko shimoni, inapanda, au inaogopa?"

Nilimwambia vitabuni kuna jibu ambalo linasema haijalishi. Mwaka wa 1961 wataalamu wawili, Merton Miller na Franco Modigliani, waliandika kwamba katika soko lisilo na kodi wala gharama, mgao hauongezi wala haupunguzi utajiri wako. Kampuni ikikupa shilingi moja, thamani ya hisa inapungua shilingi moja. Ikikaa nayo, hisa inabaki na ile shilingi ndani. Ukitaka pesa mkononi, uza hisa chache, ujitengenezee mgao mwenyewe. Nilipolisoma mara ya kwanza chuoni nililiona jibu safi sana.

Mama akacheka. Si kwa dharau, kwa kweli alichekeshwa.

"Kwa hivyo wanasema kukamua ng'ombe na kukata paja lake ni kitu kimoja, mradi nyama ina bei."

Nilitaka kumbishia, lakini jaribu kuifanya hiyo hesabu ukiwa Elburgon. Ukiuza hisa Nairobi, broka na soko wanakata kama shilingi mbili kwa kila mia. Ukiwa na hisa za Safaricom, mnunuzi yuko kila dakika. Ukiwa na hisa za kampuni ndogo, unaweza kuweka oda asubuhi na jioni ikawa bado iko palepale, kwa sababu siku hiyo nzima hakuna aliyezitaka. Na bei? Ile nadharia inadhani shilingi iliyobaki ndani ya kampuni inaonekana kwenye bei ya hisa. Bei ya hisa za mama ilikuwa chini ya ile aliyonunulia. Kama kampuni ilikuwa imebakisha faida ya miaka mitatu, basi soko zima lilikuwa halioni faida hiyo, au lilikuwa haliamini kwamba iko.

Na Wakenya wana sababu za kutoamini. Mumias Sugar ilikuwa hisa ya kujivunia, na 2019 iliwekwa chini ya mrasimu. Uchumi ilianguka 2006, ikarudi sokoni 2011, ikaanguka tena. Eveready walifunga kile kiwanda cha Nakuru 2014, wakisema betri za bei rahisi kutoka nje na zile bandia zimewashinda. Ukipita pale kwa barabara, mzee mmoja lazima akuonyeshe kidole: hapo ndipo betri za Paka zilitengenezwa. Kwa hivyo kampuni ikisema "tumebakisha faida kwa ajili ya kesho," mtu wa hapa anakumbuka kesho ngapi ambazo hazikufika. Kwake mgao ni zaidi ya pesa. Ndiyo njia pekee aliyonayo ya kujua kwamba ile faida ya gazetini ni pesa kweli. Vitabu vinaweza kupambwa, lakini shilingi iliyoingia M-Pesa imeingia.

Kisha mama akaniambia kitu ambacho sikuwa nakijua, na nafikiri ndicho chenye maana zaidi katika hadithi hii.

Alipoanza kibanda, shangazi, yaani dada ya baba, alimchangia shilingi 8,000. Walikubaliana wagawane faida. Mwaka wa kwanza mama hakumpa kitu. Wa pili pia hakumpa. Shangazi akauliza, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, pesa yake iko wapi.

"Na ulimjibu nini?" nikauliza.

"Sikumjibu. Nilimpeleka nyuma. Nikamwonyesha jiko la pili, sufuria mbili kubwa, na zile benchi. Nikamwambia, pesa yako ni hii. Alikuwa anakuja kula hapa kila Jumatano, siku ya soko lake. Aliona watu wakikaa kwenye zile benchi. Mwaka wa tatu nilimpa mgao, na haukupotea tena hadi misumeno iliponyamaza."

Akamwaga maharagwe kwenye beseni. "Mimi sina shida na mtu kukaa na pesa yangu. Anionyeshe sufuria."

Siku hizi mikutano mikuu ya wenyehisa inafanyika kwa simu na intaneti. Ilihamia huko wakati wa korona, na kampuni nyingi hazijarudi ukumbini. Wazee wanalalamika kwamba walinyang'anywa ile boksi ya chakula, mwavuli na tisheti, na kwa wengine hiyo ndiyo ilikuwa mgao pekee wa uhakika. Mimi naona kilichopotea ni kikubwa zaidi: mtu kusimama mbele ya mwenyekiti, akashika maikrofoni, na ukumbi mzima ukamsikia. Lakini bado una haki ya kutuma swali kabla ya mkutano, na kampuni inatakiwa kulijibu. Nilimsajili mama kwa simu yake ya kubonyeza. Nikasoma naye ripoti ya mwaka, kurasa tatu tu zilizokuwa na maana: faida, pesa taslimu iliyoingia kutokana na biashara yenyewe, na madeni.

Hebu na wewe fanya hivyo. Faida ni maoni ya wahasibu. Angalia kama pesa taslimu inaifuata. Angalia deni linapungua au linapanda. Angalia kama malipo ya wakurugenzi yanakua kwa mwendo gani, wakati wewe umeambiwa usubiri. Kampuni inayopanda itakuambia imepanda nini, wapi, na itavuna lini. Iliyo shimoni itakuonyesha hasara zilizokusanyika, hazifichiki. Ya kuogopa ni ile ambayo haiko shimoni, wala haionyeshi ilichopanda.

Swali la mama tuliliandika hivi: "Katika miaka mitatu ambayo hamkutoa mgao, faida mliyobakisha mmenunua nayo nini, na kitu hicho kimeanza kuingiza kiasi gani?" Nilipendekeza tuongeze salamu za heshima. Alikataa. Alisema salamu ziko kwenye shilingi alizowapa.

Majibu yalitoka kwenye hati moja ndefu, maswali ya watu wengi pamoja. La mama lilijibiwa kwa mistari miwili: bodi inaendelea kutathmini mazingira ya biashara, na itapendekeza mgao wakati mwafaka ukifika. Hakuna kiwanda kilichotajwa, wala mashine, wala hata benchi. Nilimsomea mara mbili, mara ya pili polepole, nikidhani labda nimeruka sentensi.

Mama hakukasirika. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza bei ya siku hiyo.

Tuliuza hisa 1,500. Ilichukua siku nne kupata wanunuzi, na bei ilikuwa ya kuumiza. Pesa ilitosha karo ya muhula huo na sehemu ya uliofuata, na mdogo wangu akarudi shule akiwa na kila kitu kwenye orodha, hata ile ndoo. Nilimwambia mama kwamba kama kampuni itatangaza mgao mnono mwaka ujao, atakuwa ameuza vibaya. Akasema anajua. Akasema mtoto yuko kidato cha tatu mwaka huu, si mwaka ujao.

Zile 900 bado ziko kwenye akaunti yake. Nilipomuuliza kwa nini hakumaliza zote, alisema ukiuza zote unapoteza nafasi ya kuuliza. Mkutano wa mwaka huu unakaribia. Swali tayari amelitunga, na ni lilelile.